Kabla ya kuja Ujerumani kujitolea

Wadogo zangu, pamoja na wazazi wenu ambao nawaamkia kwa heshima, mmeniuliza mtu ajiandae vipi kuja Ujerumani kwa mwaka mmoja wa kujitolea, na kama akishafika ataweza kusaidia nyumbani. Naanza na hilo la pili, kwa sababu ndilo linalowavunja moyo wengi.

Kujitolea si ajira. Mpango wa serikali uitwao Bundesfreiwilligendienst ulianza mwaka 2011, pale Ujerumani iliposimamisha uandikishaji wa lazima jeshini na hivyo kuwapoteza vijana waliokataa bunduki, ambao walikuwa wakitumikia badala yake katika hospitali na nyumba za wazee. Kazi nyingi tunazopewa ni za aina hiyo hiyo. Kituo unachotumikia hukukatia bima, aghalabu hukupa chumba na chakula, kisha posho ya euro mia chache kwa mwezi. Ukiipigia hesabu kwa shilingi ukiwa Dar es Salaam utaona umetajirika, ilhali huku inaishia kwenye simu, nauli na soksi nzito. Kwa hiyo kaa na wazazi, na mjomba aliyechangia tiketi pia, uwaambie bayana kwamba mwaka huo hutatuma fedha. Ni mazungumzo mazito, lakini ni afadhali yafanyike sebuleni kuliko kwa simu mwezi Desemba, wakati jua linazama saa kumi alasiri na wewe hujamzoea mtu.

Kuhusu lugha, someni kupita kile kiwango mnachodaiwa kwa ajili ya viza. Sauti za mtihani wa kusikiliza pale Goethe-Institut, kituo cha Kijerumani kilichoko Upanga, zinasikika vizuri na hazina haraka. Mzee wa miaka tisini ambaye meno yake ya bandia yamebaki kwenye glasi, tena anayezungumza lahaja ya kijijini kwao, ni habari nyingine kabisa. Wiki zangu za mwanzo nilikuwa nikimtazama mikono kuliko midomo: akigusa shingo ana kiu, akivuta shuka anataka kwenda chooni.

Na hapo ndipo penye kazi yenyewe, ambayo waliotutangulia hawaiweki kwenye picha zao. Utamwamsha mtu, utamwogesha, utambadilisha nepi na kumlisha kijiko kwa kijiko, naye si bibi yako wala hajui jina lako. Kwa kijana wa kiume aliyelelewa kwetu, kumvua nguo mama mtu mzima ni jambo linalomshtua, na sioni aibu kulisema. Kama mnaweza, ombeni kusaidia kwa muda kwenye makazi ya wazee, kama yale ya Nunge kule Kigamboni, kabla hamjajaza fomu yoyote. Anayeona hataiweza kazi hiyo ni vizuri ajue akiwa bado nyumbani, na hakuna atakayemcheka.

Makoti msinunue, huku yapo ya mitumba, tena yanafaa baridi ya huku. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kifuatilieni mapema, hasa kama jina lililomo halilingani na la pasipoti.

Wanaouliza kama mtu anaweza kubaki baada ya mwaka: wapo wanaojiunga na mafunzo ya uuguzi ya miaka 3, ambayo mwanafunzi hulipwa, lakini nafasi hiyo huombwa upya na Kijerumani kinachotakiwa ni cha juu zaidi. Dalali anayewauzia mwaka wa kujitolea kama tiketi ya kuhamia Ulaya msimpe hata senti.

Mkataba ukifika, nitumieni nakala tuusome pamoja kabla ya saini. Angalieni saa za kazi kwa wiki, nani analipia chumba, na kama siku 25 za semina zimetajwa, kwa kuwa hizo ni haki ya anayetumikia mwaka mzima, wala hazikatwi kwenye likizo yake.