Maswali na Majibu: Lahaja za Kijerumani

Nimejifunza Kijerumani kwa miaka miwili, lakini nilipofika Zürich sikumwelewa hata muuza mikate. Je, Waswisi wamekiharibu Kijerumani?

La. Lahaja yao ina umri mkubwa kuliko Kijerumani sanifu ulichofundishwa darasani, na katika mambo fulani imehifadhi matamshi ya kale ambayo lugha sanifu imeyaacha. Nyumba, ambayo wewe unaiita *Haus*, wao bado huiita *Huus*, kama ilivyotamkwa katika Zama za Kati. Mtoto, *Kind*, kwao ni *Chind*, na hiyo *ch* hutoka kooni kama *kh* ya "kheri". Magazeti yao huandikwa kwa Kijerumani sanifu, lakini katika mazungumzo hata profesa hutumia lahaja bila haya yoyote.

Kwa nini lahaja za kaskazini huitwa Kijerumani cha Chini? Ni dharau?

Ni habari ya ardhi tu: kaskazini ni tambarare inayoshuka kuelekea baharini, kusini ni milima.

Tofauti hizi zilianzaje?

Chanzo kikubwa ni badiliko la konsonanti lililotokea takriban kati ya karne ya 6 na ya 8, likawa na nguvu zaidi kusini na kufifia kadiri unavyokwenda kaskazini. Sauti *p*, *t* na *k* zililainika, hivi kwamba *Appel* (tufaha) ikawa *Apfel*, *Water* (maji) ikawa *Wasser*, na *maken* (kufanya) ikawa *machen*. Watu wa kaskazini wakabaki na maneno yao ya awali. Kando ya mto Rhine ndiko mambo yanakonoga. Mstari wa Benrath, mpaka wa lahaja unaochorwa katika ramani na uliopewa jina la mahali ambapo leo ni sehemu ya Düsseldorf, hutenganisha *maken* na *machen*. Lakini Köln, iliyo kusini ya mstari huo, bado husema *dat* na *wat* badala ya *das* na *was*, kana kwamba badiliko lenyewe lilichoka njiani.

Ramani za mipaka kama huo tunazo kwa jitihada za Georg Wenker, mtaalamu wa lugha wa Kijerumani, ambaye kuanzia 1876 aliwapelekea walimu wa shule sentensi zipatazo 40, ya kwanza ikihusu majani makavu yanayopeperuka wakati wa baridi, ili wazigeuze katika lahaja ya kijiji chao. Hatimaye majibu yalipatikana kutoka maeneo zaidi ya 40,000.

Lahaja ipi ilifanywa kuwa lugha sanifu?

Hakuna hata moja iliyoteuliwa, tofauti na Kiunguja kilivyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Maandishi ya ofisi za watawala wa Saxony, eneo la Ujerumani, yalikuwa tayari yamechanganya lahaja kadhaa, na Martin Luther akayafuata katika tafsiri yake ya Agano Jipya ya 1522, iliyoenea kwa kasi. Watu wa kaskazini walijifunza lugha hiyo vitabuni, takriban kama lugha ya kigeni, wakaitamka herufi kwa herufi. Ndiyo maana leo wakazi wa Hannover, nchi ya Kijerumani cha Chini, husifiwa kwa matamshi safi.

Nikisafiri, nijifunze lahaja ipi?

Kijerumani sanifu kitakufikisha kote, ila mkate mdogo wa asubuhi uuombe kwa jina la mahali: *Semmel* mjini München, *Schrippe* mjini Berlin, *Weckle* mjini Stuttgart, na mjini Hamburg wapo wanaosema *Rundstück*.