Biri nyeusi imeonewa

SWALI: Jioni moja nilivuta biri tatu kwa kufuatana ili nizilinganishe: ya Jamhuri ya Dominika, ya Kuba, na ya Nikaragua. Ya kwanza ilikuwa laini. Ya pili iliwaka upande mmoja. Ya tatu, nyeusi tii, ilikuwa chungu na ilivutika kwa shida. Je, niseme ya tatu ni mbovu?
Mwenye daftari

JIBU: Ndugu yangu, hiyo ya tatu umeionea. Ulimi uliokwisha kupigwa na biri mbili haujui tena tamu wala chungu. Vuta moja kwa siku. Nami sikuhimizi uongeze: moshi hata usipoumeza, kinywa na koo vinaulipia.

Weusi nao usikutishe. Ni rangi ya jani la nje, na mara nyingi hutokana na kuvundikwa kwa muda mrefu. Majani ya namna hiyo wengi huyaonja utamu kama wa kahawa au kakao. Ukali hutoka zaidi ndani, hasa kwenye majani ya juu ya mmea, yaliyopigwa jua sana. Hayo huwaka polepole, ndiyo maana msokotaji huyaweka katikati. Ya chini ya mmea hayana ladha nyingi, lakini ndiyo yanayosaidia moto kutembea.

Kuhusu kuvutika kwa shida, nina aibu yangu. Kwa miezi mingi niliilaani biri ya aina moja, nikaandika "imesokotwa vibaya" mara nne. Kumbe kipima unyevu cha kasha langu la kuhifadhia biri kilikuwa kinanidanganya. Nilikifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa, pamoja na kizibo cha chumvi ya mezani iliyoloweshwa kidogo tu, nikakiacha usiku kucha na zaidi. Humo kinatakiwa kisome unyevu wa asilimia 75. Changu kilisoma 66! Biri nilizodhani zimekaa kwenye 69 zilikuwa kwenye 78 hivi, zimelowa, na jani lililolowa huvimba likaziba njia ya hewa. Nilizishusha hadi 65, nikangoja wiki tatu. Zikavutika vizuri kabisa, na mistari yangu minne nikaifuta.

Kabla ya kuwasha, ipapase biri kutoka kichwa, upande wa kinywani, hadi mguu, upande unaowashwa. Ukikuta kigumu kimoja kama fundo, hapo lawama ni ya msokotaji. Ikiwa ngumu kote, shuku unyevu kwanza.

Ile ya pili, nadhani uliiwasha vibaya: mguu wote haukushika moto. Ishike juu kidogo ya ncha ya moto, uizungushe mpaka ukingo wote uwe mwekundu, ndipo uvute. Baada ya hapo, mvuto mmoja kwa dakika watosha. Ukiharakisha, joto huleta uchungu ambao si wa tumbaku.

Jambo dogo: zote ziwe za unene mmoja. Kwenye biri nyembamba jani la nje husikika zaidi, na utadhani unalinganisha nchi, kumbe unalinganisha unene.

Nyeusi uirudie siku nyingine, peke yake, ukiwa umeshiba.