Mgeni wa ghala, anza na miguu ya rafu

Ukiingia ghalani mara ya kwanza utaangalia juu. Nilikuwa hivyo, mpaka dereva mmoja mzee wa foklifti akanichuchumaza mbele ya nguzo iliyobonyea kidogo. "Mwanangu, hii ndiyo inayobeba vyote unavyovishangaa."

Nguzo ya rafu ni bati la chuma lililokunjwa, na nguvu yake iko kwenye umbo. Ikibonyea, usitazame kwa jicho tu: weka rula iliyonyooka ya mita 1, upime pengo kati yake na nguzo. Viwango vya Ulaya vinaruhusu milimita 3 nguzo ikiwa imesukumwa kuelekea ndani ya rafu, na 5 ikiwa imepinda kuelekea nguzo jirani. Pengo likizidi hapo, paleti (jukwaa la mbao linalobeba mzigo) ikishashushwa hairudi hadi nguzo ibadilishwe. Likizidi mara mbili yake, rafu inapakuliwa papo hapo. Mtu akija na nyundo anyooshe, mzuie. Chuma kilichopinda kikinyooshwa kinapendeza machoni, basi.

Jambo lililochelewa kuniingia akilini ni mihimili, vile vyuma vya kulala vinavyounganisha nguzo na kubeba paleti. Niliwahi kuambiwa niondoe mhimili wa chini ili mzigo mrefu upite, nikaondoa, nikajiona fundi. Kumbe mihimili ndiyo inayoishika nguzo isipinde. Ukiutoa wa chini, kipande cha nguzo kisichoshikwa kinakuwa kirefu, na uwezo wake unashuka hata kama hukuongeza kilo moja. Kile kibao cha uzito mwisho wa safu kinasema kweli kwa mpangilio ule ule tu uliopigiwa hesabu. Bahati yangu, mkaguzi alipita kabla hatujapakia.

Mhimili uliolemewa kushuka katikati kidogo si ajabu. Wa milimita 2,700 unaweza kushuka kama 13. Ukishaupakua na bado umepinda, huo umekwisha.

Pini za usalama nazo, mbili kwa kila mhimili, hudharauliwa kwa udogo wake. Uma wa foklifti ukiinuka vibaya na kuugonga mhimili kwa chini, pini ndiyo inayouzuia usichomoke kwenye nguzo. Ukiiona imepotea, usichomeke msumari.

Na ukigonga nguzo, hata kwa mguso, sema siku hiyo hiyo. Utafokewa dakika tano. Mimi nimefokewa mara mbili.