Muulize Fundi: Mlango wa paani tuuzibe?

*Fundi, shikamoo. Nyumba yetu hapa Jinja ina paa la zege. Koridoni kuna mlango wa bati wa kupandia paani, nao hufunguliwa tu fundi bomba akija kutazama tangi. Mvua ikinyesha unavuja. Baba watoto anataka tuuzibe kwa zege yaishe. Watoto wanataka kufuga njiwa huko juu, mimi nataka kupanda mboga za majani, nakati na dodo. Wasemaje? — Mama Watoto, Jinja*

Marahaba, mama. Mwambie mzee aweke mwiko chini. Hapo ndipo joto la nyumba linaweza kutolewa nje. Mkipaziba mtaanza kununua feni.

Kuvuja kwanza. Mara nyingi mlango wa namna hiyo umelala sawasawa na zege, maji yakituama yanaingia. Jengeni ukingo wa tofali kuzunguka tundu, sentimita 30 kwenda juu, upigwe plasta yenye dawa ya kuzuia maji. Mfuniko uwe mpana kuliko ukingo, kingo zake zishuke kwa nje kama kifuniko cha kopo. Atakayekuja na lami ya kupaka juu ya bati, mpe chai aende zake.

Halafu raha inaanza. Mchomeleaji akate bati katikati, aweke plastiki ngumu ya kupitisha mwanga, ile nyeupe ya maziwa. Isiwe angavu: Jinja iko karibu kabisa na ikweta, na mwezi Machi na Septemba jua la mchana husimama juu ya utosi. Korido haitakalika. Kwenye ukingo acheni matundu ya hewa yenye wavu wa mbu. Mchana upepo hutoka Ziwa Viktoria, kwa hiyo fungua dirisha la upande huo. Hewa ya baridi itaingia chini, ya moto itatokea juu. Wavu usikosekane, maana wale wadudu wa ziwa wanaofuata taa mnawajua, na popo hawapigi hodi. Ila usije ukaingiza sigiri ndani kwa kuwa sasa kuna tundu. Sumu ya makaa haina harufu, na tundu hilo halitoshi kuiondoa.

Nakati na dodo, panda, lakini kwenye mabeseni na madebe, si matuta. Udongo uliolowa, mita moja ya ujazo, hukaribia tani mbili, na tangi la lita 1,000 likijaa tayari ni tani moja. Vyombo vikae juu ya kuta zinazobeba paa, visiwe katikati ya sebule. Wala usipande ngazi na beseni mkononi. Funga kapi kwenye chuma juu ya tundu, tia kamba na ndoo. Kapi hiyo hiyo itapandisha nguo za kuanika, karanga, hata mukene, yaani dagaa, kama majirani ni wavumilivu.

Njiwa, hapana. Mkikinga maji ya mvua mtakunywa kinyesi chao.

Watoto wasipande peke yao, na kama pembezoni mwa paa hakuna ukuta wa mita moja, wasipande kabisa. Ngurumo ya kwanza, wote chini; radi za pande za Viktoria si za kuchezea. Komeo liwe la ndani, juu wasikofikia, bila kufuli, maana nyumba ikishika moto usiku nani atatafuta ufunguo?

Pima urefu na upana wa tundu, uniandikie. Nitakuchorea mfuniko wa kumpelekea mchomeleaji.