Mfupa uliogeuka jiwe unatwambia nini kuhusu maisha ya mnyama?

SWALI: Nimeona picha ya mfupa wa mtambaazi wa kale uliokatwa, una mistari kama pete za mti. Je, kila mstari ni mwaka mmoja? Na mfupa uliokwisha kuwa jiwe unaonyeshaje kama mnyama alikua haraka au aliishi majini?

JIBU: Kwa kawaida ndiyo, mstari mmoja ni mwaka mmoja: ukuaji ulisimama kwa muda, ukaacha alama. Ila ukihesabu tu utampunja mnyama umri. Mfupa unaponenepa, tundu la uboho nalo hupanuka na kula tabaka za ndani, zile za utotoni. Kwa hiyo tunatafuta pia mifupa ya wadogo wa spishi hiyohiyo, ndipo tunakadiria pete zilizoliwa.

Kuhusu jiwe: madini hujaza vitundu vya mfupa, lakini mpangilio wake hubaki. Tunakata kipande kwa msumeno wa almasi, tunakibandika kwenye kioo, kisha tunakisaga mpaka kiwe chembamba chini ya sehemu ya kumi ya milimita, mwanga upenye. Mwishoni nasaga kwa mkono, na kila mizunguko michache nainua kioo kwenye mwanga. Ukizidisha kidogo tu, pete ya nje kabisa imekwenda na tope, na mfupa mwingine huna.

Chini ya hadubini, mfupa uliojengwa mbiombio una nyuzi zilizosukwa ovyo na mishipa ya damu tele. Uliojengwa polepole, kama wa mamba, nyuzi zake zimelala sambamba na mishipa ni michache. Tyrannosaurus rex aitwaye Sue, aliyeko Field Museum jijini Chicago, alikufa akiwa na miaka 28 hivi. Utafiti wa mwaka 2004 ulikadiria kwamba dinosauri hao, walipokuwa vijana, waliongezeka kama kilo 2 kwa siku.

Ninachokitazama kwanza mimi ni ukingo wa nje. Pete zikisongamana pale, mnyama alikuwa amemaliza kukua. Europasaurus, dinosauri wa Ujerumani mwenye urefu wa mita 6 hivi, angeweza kudhaniwa mtoto wa yale majitu yenye shingo ndefu. Mwaka 2006 mifupa ilionyesha kuwa wale wakubwa wao walikuwa watu wazima, wa jamii iliyodumaa kisiwani.

Usikubali, hata hivyo, mtu akikwambia pete ni ushahidi wa damu baridi. Dai hilo lilivuma miaka mingi, hadi mwaka 2012 ilipoonyeshwa kwamba hata mamalia wacheuao wa porini wanazo.

Maisha ya majini husomeka katika uzito wa mfupa. Plakodonti, watambaazi wa kale walioishi kwenye bahari ya kina kifupi, walikuwa na mifupa minene iliyoshiba, iliyowasaidia kuzama bila kuhangaika, kama mkanda wa madini ya risasi anaouvaa mpiga mbizi. Ikthiosauri, watambaazi wengine wa kale waliokuwa waogeleaji wa bahari kuu, walikuwa na mifupa yenye vitundu kama sifongo. Mfupa ulioshiba peke yake haumalizi hoja, lakini: dinosauri Spinosaurus anao, na wataalamu bado wanabishana kama alipiga mbizi au alisimama tu majini akivua.

Nawe rudi kwenye picha yako. Kama nafasi kati ya mistari ni ileile mpaka ukingoni, huyo alikufa bado anakua.