Maswali ya Wasomaji: Mpira wa Kupinda

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mrushaji wa besiboli, nina miaka 15. Mpira wangu wa kupinda haupindi, unaelea tu katikati na wapigaji wanaufurahia. Nikikaza kupindua kifundo cha mkono, kiwiko kinauma upande wa ndani. Nakosea wapi?
– Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mdogo wetu. Kwanza pumzisha huo mkono hadi maumivu yaishe kabisa. Yakirudi, muone daktari. Kwa umri wako sehemu ya ukuaji wa mfupa wa kiwiko huenda bado haijafunga.

Kosa lako umelitaja mwenyewe: unapindua. Ukizungusha mkono kama anayefungua kitasa, mpira unazunguka kwenye mhimili ulioelekea mbele, na hewa haipati upande wa kuusukuma. Mpira hupinda kushuka pale tu sehemu yake ya juu inapozunguka kumwelekea mpigaji. Hapo hewa inausukuma chini, ikiongezea uzito wake wenyewe.

Tafuta mshono uliojikunja kama herufi U. Laza kidole cha kati kwenye ukingo wa ndani wa mshono, cha shahada kando yake bila kukaza, gumba chini kwenye mshono wa upande wa pili. Usiuzamishe kiganjani, acha mwanya mdogo. Mkono uje kwa kasi ileile ya mpira wako wa kasi, ila unapopita sikio kiganja kiwe kimeshatazama kichwa. Mbele ya uso, kidole cha kati kivute chini, gumba lipande, mpira utokee juu ya kidole cha shahada. Malizia mkono ukivuka goti la upande wa pili.

Chora mstari wa maka peni kuuzunguka mpira wote, sambamba na kidole cha kati. Piga goti la upande wa mkono unaorushia, mwenzako akae mita 6 hivi, urushe kwa nusu ya nguvu. Mstari ukibaki mwembamba na kutulia hewani, mzunguko ni safi. Ukiyumbayumba, umepindua tena. Usikimbilie mita 18.44 za uwanjani kabla mstari haujatulia.

Kuelea kuna sababu mbili nyingine: kuachia mapema, au kupunguza kasi ya mkono kwa woga wa kukosa. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, maana mpigaji anaiona mapema. Mpira ukidunda kabla ya pleti (kibao cha chini anachosimama kando yake mpigaji), umechelewa kuachia. Lenga barakoa ya mdakaji, mpira utashuka wenyewe.

SWALI: Mwanangu ana miaka 11, na kocha anataka aanze kurusha mipira ya kupinda. Nimruhusu?
– Mama Juma

JIBU: Bado, mama. Mwongozo wa Pitch Smart, unaotolewa na Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani (MLB) pamoja na USA Baseball, shirikisho la besiboli la nchi hiyo, unaweka mipira hiyo kuanzia miaka 13 au 14, tena kwa mtoto aliyekwisha kuumudu mpira wa kasi na ule wa kupunguza kasi (changeup). Ila tungekushauri umkazie kocha zaidi kwenye idadi ya mipira anayorusha mtoto, kwa sababu mkono uliochoka huumia hata kwa mipira ya kawaida. Kwa miaka 11 na 12 kikomo ni mipira 85 kwa siku, na akifikisha 66 apumzike siku 4. Akitoka kurusha, asipangwe kuwa mdakaji siku hiyohiyo. Mdakaji naye hurusha mchezo mzima.