Kuchechemea kwa mama kunaweza kuonyesha mifupa yake ikoje?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama angu ana miaka 66, nyonga ya kulia imesagika kabisa na amepangiwa kuwekewa ya bandia. Nimesoma mtandaoni kwamba kule Iceland wagonjwa wa nyonga wanatembezwa, kompyuta inaangalia mwendo wao kisha inakisia uimara wa mifupa. Kweli hiyo? – Binti, Temeke

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli. Mfupa unajijenga kufuatana na mzigo unaoubeba, Mjerumani Julius Wolff aliliandika hilo tangu 1892. Sasa mama mguu unamuuma, anaukwepa, akiukanyagia ni kidogo tu keshahamia mwingine, hatua zinakuwa fupi hazilingani, miezi inaenda hivyohivyo, misuli ya paja inasinyaa na mfupa nao unapungua. Watafiti wa Reykjavik walichukua vipimo vya mwendo, umeme wa misuli na CT skani ya fupa la paja, wakaipa kompyuta itafute vinavyohusiana na uimara wa mfupa.

Faida yake kubwa ni kwenye kuchagua aina ya nyonga. Kuna ya kushikizwa kwa simenti maalumu, na kuna inayogongewa kavu ili mfupa wenyewe uotee kwenye chuma. Hiyo kavu inataka mfupa imara, ukiwa mwepesi unaweza kupasuka palepale inapogongwa. Madaktari wengi wanaamua kwa umri na jinsia, mimi naona haitoshi hata kidogo, kuna bibi wa miaka 75 analima mpaka leo na kuna wa 55 mifupa imeshakwisha.

Ila mwendo peke yake usiutegemee, maana mtu anachechemea pia kwa sababu ya mgongo, goti, au mguu mmoja kuwa mfupi. Muulize daktari wake kama mama anaweza kupata kipimo cha DEXA, yaani eksirei maalumu ya kupima uimara wa mifupa, kabla ya oparesheni, jibu likiwa -2.5 au chini ya hapo mifupa imedhoofika sana na inabidi apewe dawa.

Na baada ya oparesheni msimwache akae tu. Chuma kinabeba sehemu ya uzito uliokuwa wa mfupa, kwahiyo mfupa wa juu ya paja unaweza kupungua, halafu wengi wanaendelea kuchechemea kwa mazoea ingawa maumivu yameisha. Fiziotherapia asiikatishe, na akianza kuumwa paja upya au mwendo ukaharibika ghafla arudishwe hospitali apigwe eksirei.